Mama anaomba tumsaidie kufa: nimjibu nini?

"Shikamoo daktari. Naandika kutoka Ujiji, Kigoma. Mama yetu ana miaka 61 na ana saratani ya shingo ya kizazi. Mwaka juzi alipigwa mionzi Ocean Road, ile hospitali ya saratani ya Dar, akapata nafuu, akarudi hadi kwenye biashara yake ya dagaa Kibirizi. Mwaka huu ugonjwa umerudi. Dar walituambia umesambaa, umebana njia za mkojo na figo zimeanza kushindwa kazi, turudi naye tumuuguze nyumbani. Mama hatujamwambia. Tulimwambia amepewa mapumziko kwanza. Ana maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni, hasa usiku, anatokwa na uchafu wenye harufu, hataki wageni. Tunampa panado na diklofenaki. Wiki mbili sasa anasema 'nisaidieni niondoke'. Juzi alimwomba shoga yake, aliyeuza naye dagaa miaka thelathini, amletee kitu anywe amalize. Yule mama alituambia akilia, na sasa anaogopa hata kuja. Kaka yetu yuko Kanada. Anasema kule jambo hili ni halali, daktari anakuja na mtu anaondoka kwa heshima, sisi tunamtesa bure. Baba mdogo anasema hata kukataa dripu ni kumuua, anataka tuuze kiwanja cha mama tumpeleke India. Mganga wa zahanati alitaja mofini, baba mdogo akakataa, ati hiyo ndiyo dawa ya kuulia. Mimi ndiye ninayelala naye. Usiku mwingine nikimsikia nawaza kwamba kaka ana haki, halafu nalia kwa kuwaza hivyo. Tufanye nini? Na akisema tena, nimjibu nini?"

Marahaba, mwanangu. Kabla ya makubwa lipo dogo la leo hii: acheni diklofenaki. Najua inapatikana kila duka la dawa na pengine imemsaidia kidogo. Lakini dawa za jamii hiyo hupunguza damu inayoingia kwenye figo, na figo za mama tayari zimebanwa. Zitammalizia nguvu ndogo iliyobaki. Panado iendelee kwa kipimo alichoelekezwa mpaka aonwe na daktari, na aonwe wiki hii.

Sasa barua yako. Nimeona humo maswali mawili yaliyofungwa pamoja. La kwanza: je, kumwacha mama aishi siku zake ni kumtesa? Kaka yako anasema ndiyo. La pili: je, kuacha kumhangaisha kwa tiba ni kumuua? Baba mdogo anasema ndiyo. Nadhani wote wawili wamekosea, na wamekosea kwa mapenzi. Mmoja yuko mbali na hasikii kilio cha usiku ila kwa simu. Mwingine anaogopa kuja kulaumiwa na ukoo kwamba alimwacha mke wa kaka yake afe kiwanja kipo. Katikati yao yupo mama, ambaye kwa maelezo yako hajaulizwa na mtu yeyote.

Na hayo unayowaza usiku, yaache yapite. Nimekaa na waliouguza kwa miaka mingi, Kigoma na Tabora, na sikumbuki wengi ambao hawakuwahi kuomba moyoni kwamba yaishe. Kutamani mateso ya mzazi yakome si kumtakia mabaya.

Nimalize upande wa sheria haraka, kwa kuwa upo wazi. Tanzania hairuhusu kumsaidia mtu kufa. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamhesabu anayemsaidia mwenzake kujiua kuwa mhalifu, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Anayempa mgonjwa kitu cha kumuua kwa mkono wake anaweza kushtakiwa kwa mauaji hata kama aliombwa na mgonjwa mwenyewe, hata kama zilibaki siku tatu, kwa sababu sheria inahesabu kuharakisha kifo cha aliye mgonjwa kuwa ni kusababisha kifo. Shoga ya mama alipokataa alijiokoa, na kwa kuwaambia ninyi aliwasaidia. Mwambieni hivyo kabla ya jua kuzama.

Kaka yako hasemi uongo kuhusu Kanada. Sheria ipo kule tangu 2016. Uholanzi na Ubelgiji wanayo tangu 2002, na Uswisi, kumsaidia mtu kujiua bila kuwa na maslahi binafsi si kosa tangu 1942. Mwaka 2023 Kanada, karibu kifo 1 kati ya 20 kilikuwa cha namna hii. Hapa Afrika, Robert Stransham-Ford, mwanasheria wa Afrika Kusini aliyekuwa na saratani, aliiomba mahakama ya Pretoria mwaka 2015 ruhusa ya kusaidiwa na daktari. Ruhusa ikatoka, lakini alikuwa ameshafariki saa chache kabla, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu ile. Siwalaani wanaochagua njia hiyo kule inakoruhusiwa. Nimesoma habari zao na najua wengi walifikiri sana.

Lakini kaka amekusimulia mwisho wa safari bila kutaja njia yake. Kule mgonjwa huandika ombi mbele ya shahidi, akapimwa na wataalamu wawili wasiotegemeana, na ni lazima awe mtu anayestahili huduma za afya za serikali ya Kanada. Mama wa Ujiji hana mlango pale. Lililo kubwa zaidi ni kwamba wengi wa wale wanaofikia uamuzi huo, karibu robo tatu kwa taarifa za serikali yao, wameshapata tiba shufaa, yaani matunzo ya kuondoa maumivu na adha za ugonjwa usiopona. Mama yenu amepata panado na diklofenaki. Hajafika hata hatua ya kwanza, na tayari anaulizwa ya mwisho.

Jimbo la Oregon, Marekani, ambako sheria kama hiyo inatumika tangu 1997, hutoa taarifa kila mwaka ya sababu wanazotaja wagonjwa. Maumivu hayaongozi. Zinazoongoza ni kushindwa kujiamulia mambo, kushindwa kufanya yale yaliyompa mtu furaha, na kujiona heshima imeondoka. Na wapo wengi, takriban theluthi moja, wanaoandikiwa dawa ile wakafa bila kuigusa. Nimelitaja hili kwa sababu moja: ombi la kufa mara nyingi limebeba ombi jingine ndani yake, na kazi yenu ni kulifungua.

Na hapa nitakuwa mkweli kwako hata kama itakuuma. Mmemwambia amepewa mapumziko. Mwanangu, mama amesafiri zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar bila tarehe ya kurudi kliniki. Ameziona nyuso zenu. Amemsikia baba mdogo akitaja kiwanja. Mwanamke aliyepanga bei ya dagaa miaka thelathini kwa kumtazama mteja usoni hatashindwa kusoma macho ya watoto aliowazaa. Anajua. Na kwa kuwa yeye anajua, na ninyi mnajifanya hakuna cha kujua, amebaki peke yake na kifo chake ndani ya nyumba iliyojaa watu. Ndiyo maana ombi zito zaidi alilipeleka nje, kwa shoga yake. Yule ndiye aliyebaki ambaye hajamficha kitu.

Simaanishi uende ukammwagie habari kama anayesoma hukumu. Chagua saa ambayo maumivu yametulia kidogo. Kaa chini kwenye mkeka, uso wako ulingane na wake, simu ukiiacha chumba kingine. Muulize: "Mama, wewe mwenyewe unauonaje ugonjwa huu?" Kisha nyamaza. Ukimya huo ni mgumu kuliko maneno, lakini usiukate. Akigeukia ukutani na kusema hajui, mwache. Utauliza siku nyingine. Akikuuliza kama atapona, jibu la kweli si refu: "Madaktari wamesema hawawezi kuuondoa, mama. Maumivu wanaweza kuyapunguza. Na mimi sikuachi." Atalia, nawe utalia. Nimeona familia nyingi zikiogopa kilio hicho kwa miezi, na kilipokuja kilileta usingizi wa kwanza.

Akisema tena "nisaidieni niondoke", usimkemee kwa kumwambia asikufuru, wala usikimbilie kumwambia atapona. Mwambie: "Nimekusikia, mama. Kinachokuchosha zaidi ni kipi?" Nimeuliza swali hili mara nyingi na majibu hayafanani. Wapo wanaosema maumivu. Wapo wanaosema deni, au ugomvi wa miaka na ndugu, au hofu ya namna pumzi itakavyokatika. Mkoa wa Tabora niliwahi kumtembelea mama aliyeomba kufa kila siku, na nyumba nzima iliamini ni maumivu. Alipoulizwa alinong'ona kwamba anabebwa chooni na mkwewe. Mkwe yule alikuwa kijana mwema na ndiye pekee mwenye nguvu pale nyumbani. Ikaletwa ndoo yenye kiti, ikafungwa kanga kama pazia, akatafutwa mpwa wa kike wa kumsaidia. Aliishi wiki tano zaidi na ombi lile hakulirudia. Si kila mara huwa hivyo. Wapo niliowauguza walioomba kufa mpaka siku ya mwisho, na tulichoweza ilikuwa kutowaacha peke yao.

Jueni pia kwamba hamu ya kuishi hupanda na kushuka. Mwaka 1999 daktari Harvey Chochinov wa huko huko Kanada na wenzake walichapisha utafiti ambao wagonjwa wa saratani waliokaribia kufa waliulizwa mara mbili kwa siku wana hamu gani ya kuishi. Majibu ya mgonjwa yule yule yaliweza kuyumba sana ndani ya nusu siku. Mama aliyesema neno lile saa tisa usiku, kiuno kikiwaka moto, anaweza kuwa na neno tofauti saa nne asubuhi akinywa uji.

Kwa hiyo tuanze na kiuno hicho. Saratani ya shingo ya kizazi ikienea kwenye nyonga hukandamiza mishipa ya fahamu inayoshuka mguuni. Maumivu ya namna hiyo huchoma na kurusha kama shoti ya umeme, na panado haiyafikii. Tiba yake ni mofini, na mara nyingi huongezwa dawa nyingine ya mishipa kama amitriptilini, kwa kipimo kidogo wakati wa kulala.

Najua neno hilo linavyomtisha baba mdogo, na lilinitisha hata mimi. Nilipokuwa daktari kijana niliuguza mzee mwenye saratani iliyoingia mifupani. Mofini ilikuwepo kabatini. Niliogopa nitamuua, niliogopa karatasi za kujaza, nikampa vidonge hafifu kwa siku kumi na moja. Mkewe aliniuliza mara moja tu, kwa adabu, kama hakuna kingine. Nikamjibu hakuna. Ulikuwa uongo wa mtu asiyejua kazi yake, na sikupata nafasi ya kumwomba radhi.

Baadaye nilijifunza. Maumivu husafiri kwenye mishipa kama ujumbe, hufika uti wa mgongo, kisha ubongoni. Mofini hukaa kwenye vipokeo vilivyopo njiani na kuzuia ujumbe usipite wote. Kwa kipimo kikubwa mno, cha ghafla, inaweza kweli kupunguza pumzi, na hapo ndipo hofu ilipozaliwa. Lakini kwa mgonjwa mwenye maumivu, anayeanza na kipimo kidogo kinachopandishwa taratibu, usingizi mzito hutangulia kabla pumzi haijaguswa. Usingizi huo ndio kengele: daktari hupunguza au husubiri. Watu huona mgonjwa kaanzishiwa mofini Jumatatu, kafa Ijumaa, wakasema dawa imemuua. Hawahesabu kwamba aliletewa wakati ugonjwa umeshafika ukingoni. Angeanza miezi miwili nyuma, wangeiona inamwinua kwenda kuota jua barazani.

Ya kunywa ni maji tu, machungu kidogo. Uganda, Hospice Africa iliyoanzishwa na daktari Anne Merriman mwaka 1993 iliwaonyesha majirani wote kwamba unga wa mofini ukichanganywa na maji unatosha kumtibu mtu nyumbani kwake kwa gharama ndogo. Ocean Road nao wametengeneza mofini ya maji kwa njia hiyo. Kwa kawaida hutolewa kila baada ya saa nne, kwa sababu nguvu yake hukatika hapo: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku, hiyo ya usiku ikiongezwa ili alale mpaka asubuhi. Lakini sikia vizuri: mabaki ya mofini hutolewa na figo. Za mama zikiwa zimechoka, hujikusanya mwilini. Kwake daktari anaweza kupunguza kipimo au kuachanisha saa, na ratiba niliyoandika hapa isiwe yenu mpaka aseme yeye. Mkiona anashtuka-shtuka misuli, anaona vitu visivyokuwepo, au haamki mkimwita, msimpe nyingine, pigeni simu au mpelekeni.

Mofini hufunga choo, karibu kila mtu, na hali hiyo haizoeleki. Dawa ya kulainisha choo itolewe siku ile ile. Kichefuchefu huja siku za mwanzo na huondoka. Kuhusu uteja, hiyo ni hofu ya mtu anayeitafuta dawa bila maumivu, mama haimhusu. Ila kwa kuwa amekwisha omba kitu cha kumaliza, chupa ifungiwe, itolewe na mtu mmoja, kwa kipimio kile kile walichowapa hospitali. Dawa ile ile inaweza kutoka ikiwa na ukali tofauti, kwa hiyo kila mkipewa chupa mpya ulizeni upya.

Harufu. Umeiandika kwa nusu sentensi, nami nadhani ndiyo inayomuua mama kabla ya ugonjwa. Miaka thelathini amerudi nyumbani akinuka dagaa na hakuona aibu, kwa sababu ile ilikuwa harufu ya kazi na ya karo za watoto. Hii ya sasa inamwambia anaoza, na amefukuza wageni ili wasimwambie hivyo. Inatokana na bakteria wanaoishi kwenye nyama iliyokufa isiyofikiwa na hewa, na wadudu hao wana dawa rahisi na ya bei ndogo: metronidazo. Vidonge hupondwa vikawekwa panapotoka uchafu, muuguzi atawaonyesha. Mwosheni kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye chumvi kidogo, asubuhi na jioni. Ngozi inayolowa mpakeni mafuta mazito ya mgando. Vitambaa vibadilishwe mara kwa mara, na beseni la mkaa usiowashwa likae chini ya kitanda, hunyonya harufu. Udi mfukize akipenda, ila usiwe wa kuficha tu. Siku tatu nne za kufanya hivyo, mara nyingi mgonjwa huanza kuuliza nani alikuja kumwona.

Akitokwa na damu, tumieni kanga za rangi iliyoiva, nyekundu au nyeusi. Damu kwenye shuka jeupe humtisha mgonjwa na anayemshika. Ikitoka nyingi na haikatiki, hospitali. Na kama daktari ameshasema hakuna la kufanya, mmoja wenu amshike, amfunike, abaki naye. Afadhali mjue sasa nani atakuwa mtu huyo.

Tuje kwa baba mdogo na dripu zake. Mwelezeni kwa upole kwamba maji yanayotundikwa lazima yatoke, na yanatoka kwa figo. Figo zikishindwa, yanaishia miguuni na kwenye mapafu, mgonjwa akaanza kuhema kama anayezama. Dripu ina siku zake: akitapika sana kwa sababu inayotibika, akiharisha, itundikwe. Kuitundika ili wageni waone tunajitahidi ni kumwongezea mzigo. Chakula ni vivyo hivyo. Mama hafi kwa kuacha kula. Ameacha kula kwa sababu mwili wake unajifunga, na hauwezi tena kukifanyia kazi. Mchuzi wa mgebuka, vijiko viwili akitaka, ni furaha. Kumlazimisha kunaweza kupeleka chakula kwenye njia ya hewa.

Kuhusu figo, zipo hospitali kubwa zinazoweza kupitisha mrija mgongoni hadi kwenye figo ili mkojo utoke. Unaweza kumwongezea wiki, pengine miezi. Lakini miezi hiyo ugonjwa wenyewe nao unaendelea, na kifo cha figo kwa kawaida huja kwa usingizi unaozidi kuwa mzito siku hadi siku. Wako waliochagua mrija kwa sababu walimngoja mtoto afike kutoka mbali, na ilikuwa haki yao. Wako waliokataa. Ningeuliza mama anangoja nini. Kama anamngoja kaka yako, basi kaka ajue mapema, na fedha anazofikiria azigeuze nauli ya kuja.

India sitaikataza. Nitawaambia swali la kwenda nalo kwa daktari: "Watafanya nini kule ambacho Ocean Road hawakuweza, na baada ya hicho ataishi vipi?" Nyonga iliyokwisha kupigwa mionzi kamili kwa kawaida haiwezi kupigwa tena kwa kiasi kile bila kuharibu utumbo na kibofu. Mkijibiwa kwa mafumbo, hilo ni jibu. Na kiwanja ni cha mama. Yupo, akili yake inafanya kazi, aulizwe. Mtu mzima mwenye akili timamu ndiye anayeridhia tiba yake au kuikataa, si shemeji wala kitinda mimba.

Mtaniuliza dini inasemaje. Mimi si shekhe, muulizeni mnayemwamini, lakini msimuulize kama mama auawe, hilo mnalijua. Muulizeni kama ni wajibu kuendelea na tiba isiyoleta nafuu. Wanazuoni wengi hawaoni kuwa ni wajibu, na dua aliyofundishwa Muislamu aliyelemewa si ya kuomba mauti moja kwa moja, ni ya kuomba ahuishwe iwapo uhai ni kheri kwake na afishwe iwapo kifo ni kheri kwake. Mama akiisoma dua hiyo anasema karibu lile lile analowaambia ninyi, ila amelipeleka panapostahili. Kwa jirani zetu Wakatoliki, Papa Pius wa XII alikwisha sema mwaka 1957 kwamba kutuliza maumivu ya anayekufa ni halali hata kama dawa ingeweza kufupisha maisha, maadamu nia si kuua.

Sitakudanganya kwamba tiba shufaa humaliza kila kitu. Yapo mateso machache yasiyotulia hata kwa mikono yenye ujuzi. Kwa hao, hospitalini, daktari anaweza kumlaza mgonjwa usingizi kwa dawa zinazopimwa dhidi ya mateso yake mpaka siku zake zitimie. Huko si kumuua. Dawa hupandishwa mpaka atulie, ikiishia hapo. Omba usifike huko, lakini jua kwamba upo mlango.

Anzeni Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa. Chukueni barua ya kuruhusiwa kutoka Ocean Road na dawa zote anazotumia, hata za miti shamba. Ulizeni tiba shufaa kwa jina hilo hilo. Wakisema hakuna mtu wa cheo hicho, ombeni kumwona daktari anayeona wagonjwa wa saratani, na mfamasia kuhusu mofini, maana hutolewa kwa cheti cha daktari tu. Kama fedha hazipo, ofisa ustawi wa jamii yupo kwa ajili hiyo. Mama akiwa dhaifu mno, wewe nenda kwanza na barua, ueleze.

Msingoje siku iliyopangwa ikiwa miguu imelegea ghafla au imekufa ganzi, kwani huenda uti wa mgongo umebanwa na saa zinahesabika. Vivyo hivyo damu nyingi, kutapika kusikokoma, maumivu yasiyoshuka siku mbili baada ya kuanza dawa, au mkikuta ameficha vidonge. Na kama maumivu yametulia na bado siku nzima hafurahii kitu, hamtaki hata mjukuu, anajilaumu kwa kuwa mzigo, mwambieni daktari. Sonona inatibika hata kwa mtu anayekufa.

Siku zitakapokaribia atalala zaidi, miguu itapoa, ngozi itakuwa na mabaka. Pumzi zitaenda haraka, zisimame, zirudi. Koo litakoroma kwa mate asiyoweza kumeza. Sauti hiyo huwatesa mnaosikia zaidi yake. Mlazeni ubavu, mgeuzeni kila saa mbili, lowesheni midomo kwa kitambaa safi. Zungumzeni naye, usikivu huweza kubaki. Hakuna haja ya kumkimbiza hospitali usiku ule ili afie kwenye gari.

Limebaki la shoga yake. Mfuateni nyumbani kwake. Mwambieni akae na mama na aseme mwenyewe: "Ulichoniomba sitakuletea, lakini sitaacha kuja." Bila sentensi hiyo, mama ataamini ombi lake ndilo lililomfukuza rafiki wa miaka thelathini. Kisha mpeni kazi, maana anayeogopa hutulia akiwa na la kushika. Dozi ya saa nne usiku ndiyo husahaulika zaidi, watu wameshachoka na wewe umeshasinzia. Kama daktari ataiandika, hiyo iwe ya kwake. Wewe ulale chumba kingine, angalau usiku mbili kwa wiki.